Ukienda Mkomazi, Usiangalie Faru Peke Yake

Muhula ukikaribia kuisha, kwenye grupu la darasa huanza mjadala ule ule: safari ya mwaka huu ni wapi? Wenye bumu lililobaki wanataka Zanzibar. Wasio nalo wanakubali popote, mradi usafiri uwe wa chuo na chakula kiwepo. Katikati ya kelele atatokea mmoja aseme, "Jamani, twendeni mbugani," na mwingine atauliza kama tutamwona taiga.

Hatutamwona. Simbamarara, ambaye wengine humwita chui milia, ni mnyama wa Asia. Porini Afrika hayupo hata mmoja. Nitarudi kwake baadaye, maana Wahindi wamehangaika na hifadhi zake kwa miaka mingi na yapo ya kujifunza kutoka kwao. Kwa sasa tuzungumzie mbuga iliyo karibu na sisi watu wa Tanga, hasa ninyi mnaotoka Handeni na Korogwe au mliopangiwa mafunzo kwa vitendo huko: Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Makala hii ni ya kusoma kabla ya kupanda basi. Sitakuorodheshea wanyama wote, hiyo kazi muongoza wageni anaijua kuliko mimi. Nataka tusome kitu ambacho ukiwa juu ya gari la watalii hakuna anayekuonyesha kwa kidole, nacho ni mpaka: ulichorwa lini, ulibadilishwa jina mara ngapi, na nani alihama ulipochorwa.

Barabara yenyewe ni darasa

Kutoka Handeni mjini, pale Chanika, lami inakupeleka mpaka Korogwe, mji wa mto Pangani na mashamba ya mkonge. Ukishika barabara kuu ya kwenda Moshi unapita Mombo, njia panda ya Lushoto, kisha mji mdogo wa Mkomazi, Hedaru, Makanya, halafu Same. Angalizo kwa wageni wa njia hii: mji mdogo wa Mkomazi uko wilaya ya Korogwe na si hifadhi. Usishuke hapo ukadhani umefika. Lango la Zange, ambalo ndilo lango kuu, liko karibu na mji wa Same, mkoa wa Kilimanjaro, mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu.

Njia nzima milima inakuwa mkono wako wa kulia, kwanza Usambara, baadaye Upare. Hifadhi iko nyuma ya milima hiyo, na huko ndiko siri ya Mkomazi inakoanzia. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, milima inaupandisha, unapoa na kuacha mvua mlimani. Ndiyo maana Lushoto wanalima kabeji, na Mombo, chini ya mlima, wanapata maji ya kumwagilia mpunga. Wanaokaa kwenye kivuli cha mvua wanapata kidogo kinachobaki. Wapare wana maelezo yao ya jina Mkomazi: husemwa limetokana na maneno yao ya kijiko na maji, kwamba maji ya huko ni ya kuchota kwa kijiko. Ukifika mwezi wa Septemba utaona hawakukosea. Na mto Mkomazi nao, pamoja na jina lake hilo la kiangazi, unateremka hadi kuungana na Pangani upande wa Korogwe.

Ukame huo ndio unaoamua utamwona nani. Usitegemee makundi makubwa ya nyumbu kama yale ya Serengeti kwenye televisheni. Mkomazi ina wanyama wa nchi kavu ambao sehemu nyingine za Tanzania huwaoni kirahisi. Kuna swala twiga, mwenye shingo ndefu, anayesimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi ili afikie majani ya juu ya mgunga. Huyu anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji, anapata unyevu kwenye majani. Kuna choroa wenye pembe ndefu zilizonyooka, na tandala mdogo anayejificha vichakani mpaka gari limpite. Kuna tembo, lakini hao ni wasafiri: hifadhi hii inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na tembo huvuka kufuata maji na malisho. Mvua zikinyesha wanakuja kwetu, kukikauka wengi wanarudi Tsavo. Mpaka wa nchi kwao ni nyasi tu. Hawa ndio wakazi pekee wa pale ambao hawakuwahi kuulizwa kibali.

Majina yanayobeba sheria

Sasa somo lenyewe. Kwenye mazungumzo ya kawaida tunasema "mbuga" au "pori" kwa kila mahali penye wanyama. Kisheria kuna tofauti, na tofauti hizo zimewahamisha watu.

Hifadhi ya Taifa ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Iko chini ya TANAPA. Ndani yake hakuna kukaa, kulima, kuchunga wala kuwinda. Unaingia kwa kibali, unatazama, unatoka. Pori la Akiba nalo halina wakazi, ila uwindaji wa kitalii kwa leseni unaruhusiwa, na mapori mengi ya aina hiyo leo yanasimamiwa na TAWA. Misitu ya hifadhi, kama ule wa Nilo ambao wa Korogwe mnaujua huko Usambara Mashariki, ni mambo ya TFS. Na kuna Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambapo vijiji vyenyewe hutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama na kupata mgawo wa mapato.

Halafu kuna Pori Tengefu. Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo Handeni inapoingia. Neno linatokana na kutenga. Lakini kwa miaka mingi kilichotengwa pale kilikuwa wanyama, siyo ardhi. Yaani usingeweza kuwinda bila leseni, lakini kuishi, kulima na kuchunga uliruhusiwa. Ndiyo maana mapori tengefu mengi yalichorwa juu ya vijiji vya watu, na hakuna aliyeona ajabu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ikaubadilisha mchezo: ikapiga marufuku kuchunga na kulima ndani ya mapori tengefu, na papo hapo ikamtaka Waziri apitie orodha ya mapori hayo ili ardhi ya vijiji isiwe ndani yake. Soma tena sentensi hiyo. Mtu aliyelala mwaka 2008 akiwa mkazi halali wa kijiji aliweza kuamka akiwa ndani ya eneo ambalo ng'ombe wake ni kosa, mpaka hapo mtu wa Dodoma atakapomaliza kupitia orodha. Sehemu kubwa ya migogoro ya ardhi na wanyamapori unayoisikia kwenye redio, ukiichimba, utakuta hilo liko chini yake.

Ngorongoro ina jina la peke yake. Sitaieleza hapa, itakuja yenyewe tukifika Msomera.

Mkomazi kabla ya faru wa kuja na ndege

Mkomazi ilitangazwa Pori la Akiba mwaka 1951, wakati wa Waingereza. Familia chache za wafugaji zilizokuwa ndani wakati ule ziliruhusiwa kubaki. Kadiri miaka ilivyokwenda wafugaji waliongezeka, wengine kwa vibali, wengine bila, na kufikia miaka ya 1980 makumi ya maelfu ya ng'ombe walikuwa wanachungwa ndani ya pori na kandokando yake. Wamasai walikuwemo, pia Wapare, Wasambaa na Wakamba. Wengine walichunga, wengine waliingia kutafuta asali na kuni. Serikali ikasema pori linakufa. Mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa.

Hawakukubali kimya. Zaidi ya 50 kati yao walifungua kesi wakidai haki yao ya kimila juu ya ardhi, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 1999 mahakama hiyo ikaamua, na ardhi haikurudi. Hoja mojawapo iliyopimwa ilikuwa nani alifika kwanza, Wamasai au makabila mengine. Wanafunzi wa sheria, hii kesi itafuteni maktaba mkaisome yote. Mimi si mwanasheria, lakini swali la nani alifika kwanza linanisumbua. Katika nchi ya watu wanaohama na mifugo, "kwanza" inahesabiwa kuanzia msimu gani?

Je, kweli pori lilikuwa linakufa? Miaka ya 1990 watafiti walioshirikiana na Royal Geographical Society ya London walifanya utafiti mkubwa Mkomazi, na matokeo yakachapwa kitabu mwaka 1999. Walikuta utajiri mkubwa wa mimea, ndege na wadudu. Wengine wakasema: mnaona, pori limepumua baada ya ng'ombe kutoka. Mtafiti Dan Brockington, aliyekaa na watu walioondolewa, aliandika kitabu mwaka 2002 akisema kinyume chake: kwamba ushahidi wa ng'ombe kuiharibu ardhi ulikuwa dhaifu kuliko ulivyotangazwa, na kwamba kuondolewa kuliwaumiza watu kiuchumi kwa namna ambayo wafadhili wa uhifadhi hawakuihesabu. Vitabu vyote viwili vinafaa kusomwa na mtu wa mwaka wa kwanza, hasa kwa pamoja. Vinahusu nyasi zile zile.

Mwaka 2008 pori likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, likiwa na zaidi ya kilomita za mraba 3,200, likigusa mikoa ya Kilimanjaro na Tanga. Kwa mfugaji wa jirani maana yake ni kwamba mlango uliokuwa umefungwa ukapigwa na komeo.

Faru

Tufike kwa faru, maana najua ndiye atakayejaza basi.

Mkomazi ilikuwa na faru weusi wengi zamani. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukawamaliza. Mwaka 1989 serikali ilimwalika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na George Adamson huko Kora, Kenya, aje kusaidia kulifufua pori. Adamson mwenyewe aliuawa Kora mwaka huo huo. Fitzjohn, aliyefariki mwaka 2022, alichonga barabara, akachimba mabwawa, na kazi yake iliyojulikana zaidi ikawa eneo la faru lililozungushiwa uzio wa umeme na kulindwa usiku na mchana.

Mwaka 1997 wakaja faru wanne kwa ndege kutoka Addo, Afrika Kusini. Baadaye wakaongezwa wengine wa huko huko. Mwaka 2009 wakaletwa watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, na mwaka 2012 watatu kutoka Port Lympne, Uingereza. Hebu fikiria safari hiyo. Mnyama amezaliwa Ulaya, babu zake walitoka Afrika, anapandishwa ndege akiwa ndani ya sanduku kubwa la chuma, anateremshwa chini ya milima ya Upare, anaanza kujifunza mbung'o ni nini. Wamezaana, na leo kuona faru mweusi Mkomazi ni jambo la uhakika zaidi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote nchini, kwa kuwa yuko ndani ya uzio.

Ukimwona, angalia mdomo. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka unaoshika kama kidole, kwa sababu anakula vichaka na matawi. Faru mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi. Rangi haihusiki hata kidogo. Wote ni kijivu, wakigaagaa wanakuwa rangi ya udongo.

Kuna hadithi moja ya huko ambayo siipendi lakini naiona ya lazima kwa anayesoma uhifadhi. Pamoja na faru, mradi ule uliwazalisha mbwa mwitu, ambao porini walikuwa wamekwisha kwa sumu na magonjwa. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 ugonjwa wa mbwa unaoshambulia mfumo wa hewa na ubongo uliingia, na kati ya mbwa 52 wakafa 49, ingawa walikuwa wamechanjwa. Wakaanza tena karibu na sifuri. Uzio unazuia jangili na ng'ombe. Virusi havisomi kibao cha hifadhi, na mara nyingi hutoka kwa mbwa wa kufugwa wa vijijini. Kwa hiyo hata yule anayewapenda wanyama kuliko watu, kama yupo, hana budi kushughulika na afya ya mbwa wa jirani aliye nje ya uzio.

Tuseme wazi: mimi nafurahi faru wapo. Kizazi chetu kingeweza kuwajua kwenye noti na vitabu tu. Wanaolinda lile eneo usiku, mvua na baridi, ni vijana wa umri wetu. Lakini gharama ya faru huyo imelipwa na watu wa aina mbili. Mfadhili wa Ulaya alilipa kwa hundi, na jina lake limeandikwa. Mfugaji aliyeondoka 1988 alilipa kwa malisho, na jina lake liko kwenye faili la mahakama.

Taiga tuliyemwacha njiani

India walianza mradi wao wa kumlinda simbamarara mwaka 1973 wakiwa na hifadhi 9. Hesabu ya mwaka mmoja kabla ilikuwa imeonyesha wamebaki 1,827. Leo hifadhi zimepita 50, na makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa karibu simbamarara 3,700. Kila hifadhi imegawanywa: kiini, ambacho hakitakiwi kuwa na watu, na ukanda wa pembeni ambao watu wanaishi na kulima kwa masharti.

Kwenye kiini walikuwamo watu, tena wengi, na wengi wao ni makabila ya misituni. Mwaka 2006 India ilitunga sheria inayotambua haki za watu wa misitu, na ikabadilisha ile ya wanyamapori ili kuhamishwa kutoka kwenye kiini kuwe kwa hiari na baada ya haki zao kutambuliwa kwanza. Tangu 2008 kila familia inayohama ilitakiwa kupewa rupia milioni 1 taslimu au mpango kamili wa makazi mapya. Mwaka 2021 kiasi kikapandishwa hadi milioni 1.5. Utekelezaji una malalamiko tele, hiari yenyewe inabishaniwa kila siku, wala sisemi tuwaige. Ninachokitaka ni mpangilio wao wa hatua: haki kwanza, malipo yaliyoandikwa kwenye karatasi, halafu lori.

Na kuna Sariska, jimbo la Rajasthan. Ilikuwa hifadhi kamili ya simbamarara, ina mageti, ina watalii, ina bajeti. Mwaka 2005 ikathibitika kuwa ndani hamna simbamarara hata mmoja, majangili wamewamaliza. Mwaka 2008 wakaanza kuhamishia wengine kutoka Ranthambore. Kwa hiyo wao wana Sariska, sisi tuna Mkomazi: mahali ambapo mnyama aliyeipa hifadhi maana aliisha, akarudishwa kwa usafiri.

Msomera

Sasa geuza basi. Rudi Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, panda tena Handeni. Wilaya ya Handeni kuna kijiji kinaitwa Msomera. Mpaka miaka michache iliyopita nje ya Tanga hakuna aliyekijua. Eneo lake lilihesabiwa ndani ya Pori Tengefu la Handeni, la aina ile niliyoeleza, na lilikuwa na wakazi wake, wafugaji na wakulima.

Juni 2022 wakaanza kuwasili watu kutoka Ngorongoro. Ili uelewe, rudi nyuma kidogo. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa, mwaka ule ule wa 1951, Wamasai walikuwa ndani. Mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao, na Ngorongoro ikatengwa kuwa ya wanyama na watu pamoja, ambako Wamasai waliotoka Serengeti wangeishi na mifugo yao. Ndiyo maana ina jina la peke yake kisheria. Serikali husema watu 8,000 wa wakati ule wamezidi 100,000, na eneo haliwezi tena kuwabeba. Ikatangaza mpango wa kuhama kwa hiari: nyumba ya vyumba vitatu Msomera, ardhi ya kulima, maeneo ya malisho, shule, maji.

Wapo waliohama na kusema wamepata nyumba ya bati na hati kwa mara ya kwanza maishani. Wapo waliobaki Ngorongoro wanaosema hiari gani hiyo, huku huduma za jamii zikizidi kupunguzwa. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya Julai 2024, waliandika kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba wenyeji wa Msomera nao wanalalamika ardhi yao imegawiwa wageni. Serikali imekanusha kulazimisha mtu. Agosti 2024 vijiji vya Ngorongoro vilifutwa kwenye orodha kwa tangazo la serikali, watu wakaandamana barabarani, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo kwa muda.

Sasa angalia ramani yako. Kwa mkono mmoja, Mkomazi: watu wametolewa ili wanyama wabaki. Kwa mkono wa pili, saa chache kwa basi, Msomera: eneo la wanyama limegeuzwa kijiji ili wapokelewe watu waliotolewa kwa ajili ya wanyama wengine, mbali huko Ngorongoro. Kalamu ile ile imefanya yote mawili. Kinachoitwa pori leo kesho ni kiwanja chenye namba, na malisho ya jana leo ni njia ya gari la watalii. Mtu akikwambia eneo fulani "kiasili ni la wanyama" au "kiasili ni la watu", muulize: kwa tangazo la mwaka gani?

Mzigua wa Handeni, kwa upande wake, ana uzoefu wa kupokea. Wilaya hiyo hiyo ina makazi ya Chogo, ambako waliwekwa wakimbizi kutoka Somalia, wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19, waliorudi wakiwa bado wanaongea Kizigua. Kabla ya hapo kulikuwa na vijiji vya ujamaa. Babu wa Handeni anaweza kukuhesabia mara ambazo gari la serikali limekuja na mpango wa nani akae wapi.

Mambo ya kufanya ukiwa huko

Utaratibu kwanza. Chukueni barua ya chuo mapema na muiandikie hifadhi kabla ya kwenda. Msafara wa masomo hupokelewa vizuri zaidi kuliko msafara wa kushtukiza. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, lakini malipo hupitia namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo mhazini asije na fuko la noti getini. Eneo la faru lina utaratibu na gharama zake mbali na kiingilio cha kawaida. Ulizeni kabla, msije mkafika mkaambiwa nafasi hakuna. Nendeni alfajiri. Saa sita mchana hata swala wamelala, na ninyi mtakuwa mnaangalia vichaka. Spika ya muziki iacheni kwenye basi.

Kazi ya kundi ianzie getini. Mmoja aandike kila mnyama na alikuwa anakula nini, majani au nyasi. Kwa orodha hiyo peke yake mtaweza kubishana jioni kuhusu iwapo ng'ombe na choroa wanagombania chakula kimoja. Mwingine atafute alama za mpaka na aandike upande wa pili kuna nini: shamba, boma, ronjo la mifugo, au kichaka kile kile. Muulizeni askari wa uhifadhi, kwa adabu, ng'ombe wakikamatwa ndani huwa inakuwaje. Mkitoka, simameni kijiji cha jirani mnunue maziwa au soda, muulize swali lile lile. Mtapata majibu mawili. Yaandikeni yote, msichague.

Kwa wale watakaokwenda Msomera kwa ajili ya tafiti za mwaka wa tatu, na najua mpo, msiende moja kwa moja kwenye maboma na simu zimeinuliwa. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na kibali mkononi. Mzee msalimuni shikamoo, kaeni mnapoonyeshwa, na swali la kwanza lisiwe "mnaonaje serikali". Muulizeni alizaliwa wapi, na baba yake alizaliwa wapi, na ng'ombe walinywa maji wapi kiangazi. Akianza kutaja majina ya mito na mabonde, mwandike kila jina kama anavyolitamka, hata kama kwenye ramani yenu halipo. Na ripoti ikishapita kwa msimamizi, toeni nakala moja muirudishe ofisi ya kijiji. Gharama yake ni nauli na hela ya kuchapa kurasa arobaini.